Kiganja Shavuni

Tunduma ni mji wa kuambiwa kesho. Dereva wa lori anaambiwa kesho, muuza mahindi anaambiwa kesho, na mwenye haraka huambiwa kesho kutwa ili ashike adabu. Basi Yesaya, mlinzi wa ghala la vitu vilivyokamatwa mpakani, hakuona ubaya kumwambia sokwe kesho.

Sokwe mwenyewe alikuwa mtoto wa kike, aliyetolewa chini ya magunia ndani ya lori lililotoka Kongo. Mwenye lori alishitakiwa na sokwe akawa kielelezo: hatoki kizimbani mle ghalani mpaka kesi iishe. Wiki ya kwanza alikaa akiutazama ukuta. Hataki ndizi, hataki uji.

"Mzee Yesaya, asipokula atatufia huyu," alisema Angel, daktari wa mifugo aliyeletwa kumwangalia.

Yesaya akachuchumaa mbele ya nondo, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne. Alikusanya vidole akavigusisha mdomoni: kula. Ndivyo alivyokuwa akizungumza na Tumpale, binti yake aliyezaliwa kiziwi kule Ileje, kwa lugha ya mikono waliyoitunga wenyewe nyumbani. Tumpale alikuwa akiomba shule. Kila mara baba yake alilaza kiganja shavuni kama mtu aliyesinzia, kisha akainua kidole, jua limechomoza: kesho. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa, na shule ya viziwi hajaliona hata lango lake.

Sokwe aligeuka. Aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, halafu naye akagusa mdomo wake.

Tangu siku hiyo Yesaya alikuwa akiwahi kazini, mzee mzima, na walinzi wenzake wakamtania eti amepata mchumba. Katika miezi miwili sokwe alijua kula, maji, baridi na njoo. Neno la tano hakufundishwa na mtu. Aliliokota mwenyewe kwa kumtazama Yesaya akihangaika na kufuli: ngumi mbili zilizoshikana, zikaachana. Fungua.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Yesaya. Ruhusa ndiyo haikuwapo. Angel aliomba sokwe apelekwe hifadhini kwa sokwe wenzake, akaambiwa asubiri. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila sokwe alipoachanisha ngumi, Yesaya alilaza kiganja shavuni, akainua kidole.

"Mwenzio anasema nini siku hizi?" mkewe, Gwantwa, alimwuliza jioni moja akimmiminia chai.

"Anataka kufunguliwa."

"Nawe unamjibuje?"

Yesaya akalaza kiganja shavuni, akainua kidole. Gwantwa akaweka birika chini.

"Baba Tumpale, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mmoja hakukutosha?"

Yalimchoma maneno hayo. Asubuhi alipofika kizimbani aliutoa ufunguo, akautazama, akaurudisha mfukoni. Kazi ni kazi. Na huyo sokwe akitoka angekwenda wapi, katikati ya foleni ya malori?

Julai iliingia na upepo wake wa vumbi na baridi, sokwe akaanza kukohoa. Angel alimchoma sindano, Yesaya akamletea blanketi kutoka kitandani kwake. Haikusaidia. Sokwe aliacha kuomba kufunguliwa, na Yesaya, tusimfiche aibu yake, aliona afadhali. Siku moja alimletea uji wa moto wenye asali, akachuchumaa, akagusa mdomo wake: kula.

Sokwe akamtazama usoni. Polepole akalaza kiganja shavuni. Kisha akainua kidole.

Yesaya, ambaye hakutoa chozi mbele za watu siku ya kumzika Tumpale, alilia pale pale kwenye nondo, bakuli mkononi. "Leo," alisema. "Leo, mama, kula leo." Alilisema kwa mdomo kwa sababu mikononi hakuwa nalo. Yeye na Tumpale hawakuwahi kutunga ishara ya leo.

Ruhusa ilitoka siku ya tatu, na Angel akaikimbiza ghalani kwa bodaboda. Alikuta kufuli iko chini, mlango wa kizimba u wazi, Yesaya ameketi ndani na sokwe mapajani, amemfunika koti lake la ulinzi.

"Umemfungulia saa ngapi, mzee?"

"Alipokata roho," Yesaya alisema. "Kabla ya hapo sikuwa na ruhusa."