Swichi ya Nyumba ya Tata

...tak, inawaka, au ingewaka kama ingekuwa na stima ndani, tak, inazima, na Shueib ananitazama kutoka ng'ambo ya kaunta, "Mwalimu Onsongo, hiyo ni swichi, si tasbihi," na fundi Nyangate anacheka kicheko cha mtu anayelipwa kwa siku, nami nacheka pia, ningefanyaje, kuna hii ya kahawia, ya duara, yenye kidole kilichochomoza kama chuchu ya mbuzi, kuna ile nyeupe bapa, ya kisasa, ukiigusa inakubali kama karani aliyekwisha kunywa chai, na kuna ya kamba ya kuning'inia darini, zote tatu juu ya gazeti la juzi, na mimi ninayewafundisha watoto wa watu kuchagua jibu sahihi nimesimama hapa tangu mvua ianze... lakini si rangi inayonishinda, kinachonishinda ni ukuta, ukuta upi, ukuta wa nani... "Nimeshakwambia, Mwalimu," Nyangate anasema, "ya mzee tuiweke kwako, kando ya kitanda chako, waya upite juu ya ua, ukisikia kimya kimezidi unabonyeza, dirisha lake linawaka, unachungulia, unaona mzee yuko hai, unalala," yuko hai, unalala, anavyosema utadhani ni kuku wa kienyeji, na ndivyo nilivyopanga mimi mwenyewe, wazo ni langu, nililiona zuri mpaka jana nilipomweleza tata, baba yangu, naye akatafuna ndizi yake mpaka ikaisha ndipo akauliza, "Kwa hiyo wewe utakuwa kwako, na mimi nitaonekana kwangu?"... akatupa ganda, na swali la Mzee Momanyi ni hukumu isiyo na rufani... tak... nyeupe inapendeza, Nyanchera ameshasema anataka nyeupe sebuleni, mke wangu anataka sebule kama ya jirani yetu Obadiah, na Obadiah, Mungu ambariki, ana swichi kumi na moja ukutani na hazina hata uzi wa waya nyuma yake, kwa sababu ofisi ya stima ilisema nguzo haziwezi kuletwa kwenye nyumba isiyo na swichi, na fundi akasema waya hauwezi kupitishwa kabla ya nguzo kuonekana, basi Obadiah akanunua swichi akazikaza kwenye plasta tupu, afisa akaja na kofia yake, akazibonyeza zote moja baada ya nyingine kwa makini kabisa, akatoa hati kwamba hazina hatari, na kweli hazina, hakuna swichi salama zaidi kuliko hizo katika Suneka nzima... wageni wake huzibonyeza wakiingia, kwa adabu... "Unacheka nini peke yako?" Shueib anauliza, nasema si kitu, na si kitu kweli, nacheka ili nisirudi pale mlangoni, lakini nimesharudi, mvua ya jioni ile, ng'ombe wameshaingia, mimi nje ya mlango wa tata na bakuli la uji, "Tata?" kimya, "Tata!" na sauti yake ikatoka chini, chini kabisa, usawa wa miguu yangu, "Usiingie," alikuwa anaoga, akateleza, akaipiga koroboi teke ikazimika, nyonga imemgeuka, na hana nguo, na mimi ni mwanawe, chinsoni, neno hilo moja lenye aibu na heshima yetu yote ndani yake, mwana haoni uchi wa baba, na Nyanchera ndiyo kabisa, mkwe hata kizingiti hakikanyagi, basi nikasimama, akaniuliza ndama wameingia? nikasema wameingia, akauliza mvua imefika mtoni? nikasema imefika, mtu amelala sakafuni na mfupa umehama na tunazungumza habari za ndama, mpaka mzee Onyancha, rika lake, walitahiriwa pamoja, alipoletwa kwa kukokotwa kwenye matope, akaingia akasema, "Momanyi, umezeeka vibaya," na ndani humo gizani nikawasikia wakicheka, wote wawili, wakicheka... uji ulikuwa umejaa maji ya mvua... Onyancha tumemzika mwezi wa nne. Sasa nani ataingia? Ndiyo maana swichi, ndiyo maana waya juu ya ua, na yeye anasema nitaonekana kwangu, na ni kweli, kidole changu kwenye ukuta wangu kitakuwa kimemvua nguo kutoka mbali bila hata kubisha, mwana wa kwanza katika ukoo wetu kuvunja chinsoni kwa stima... basi iwe kwake peke yake, awashe na kuzima mwenyewe, na akianguka? Akianguka balbu itawaka tu, itammulika vizuri amelala, nami kwangu nikidhani anasoma Biblia... "Chai," Shueib anasema, si kwangu, anabonyeza kidude fulani chini ya kaunta, na kutoka jikoni nyuma ya duka sauti ya mkewe Hawo inakuja kwa hasira, "Nimekiona! Mara moja inatosha, mimi si ng'ombe!" na Shueib ananieleza kama anayeomba radhi, ni kibalbu tu, kinawaka kule jikoni, zamani ilikuwa kengele ila ilikuwa inamwamsha mtoto... tak... kidole hapa, mwanga kule... kule... na mimi siku zote nilikuwa naushika waya kwa mkia, swichi kwangu balbu kwake, swichi kwangu balbu kwake, kama afisa, ofisi iko kwangu na mwananchi ndiye wa kumulikwa... igeuze, Onsongo, swichi kwake balbu kwangu... nyumba yangu ina miaka sita na tata hajawahi kuiona ndani, baba haingii kwa mwana aliyeoa, chai yake anainywea kwenye kigoda nje, huuliza habari za sebule yangu kama mtu anayeuliza habari za Ulaya, je, kuna dirisha upande wa migomba? je, ukuta ni mweupe? na balbu ikiwa kwangu, juu ya mlango wa chumba changu, nitakayekurupuka nimemulikwa nikitafuta suruali ni mimi, hata kama akiangusha kisanduku cha ugoro tu, na atakuwa ameniita yeye, siku atakayobonyeza atakuwa ameamua mwenyewe kwamba niingie... na iwe chini, Nyangate ataniona mwendawazimu, swichi huwekwa usawa wa bega, hii iwe chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala sakafuni... "Basi, Mwalimu? Kwako au kwake?" Nyangate anauliza, na Shueib, "Nyeupe au kahawia?" na mvua bado inapiga mabati, na chai haijafika, nami nimefumba macho, kidole gumba kinatafuta, ile bapa inateleza, haina pa kushikwa gizani, lakini hii ya kahawia, hii yenye chuchu, mkono wa mzee utaipata, tak, na mahali fulani juu ya mlango wangu balbu inawaka, mguu wa tata haujakanyaga na tata ameingia...