Marehemu Wattie Anafuma Sweta

Ina Dalgleish alikuwa mezani akikwangua jibini kwa ajili ya mikate ya kuviringisha, ile inayopakwa siagi na kuokwa hadi ilie ikitafunwa, aliposikia mtu akigonga buti kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ili theluji idondoke. Akajua ni mumewe. Mwanawe, Murdo, hakuwahi kugonga buti tangu azaliwe.

"Mlango uko wazi, mzee," akasema, na kusogeza jagi la maziwa hadi upande wa dirishani.

Wattie akaingia. Alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma, katikati ya msimu wa kukata manyoya ya kondoo, jambo ambalo wakataji walimsamehe kwa shida. Alizikwa mlimani, juu ya shamba. Kila mwezi wa Julai, ambao huku kusini mwa dunia ndio wa baridi kali, theluji ikishafunika jiwe la kaburi lake lote, alishuka nyumbani, akakaa hadi upepo wa kaskazini-magharibi ulipokuja kuiyeyusha. Katika uwanda wa Maniototo hilo si jambo la kukusanyia watu. Peg Tuhiwai, jirani yao, alikuwa na malalamiko ya kinyume chake: mume wake aliagiza azikwe mjini Dunedin karibu na bahari, ambako theluji haishiki ardhi.

"Wangu hajakanyaga kwangu hata mara moja," Peg alikuwa akisema. "Si alipenda mandhari? Akae nayo."

Wattie akavua kofia, akambusu mkewe. Shavu la Ina likaganda kidogo, naye akalisugua kwa aproni. Kisha Wattie akaketi kwenye kigoda cha dirishani.

Alipokuwa hai, hicho hakikuwa kiti chake. Kiti chake kilikuwa kile kikubwa kando ya jiko la makaa ya mawe, na hata paka alikikalia kwa woga. Lakini maiti hawezi joto. Wattie akisogea karibu na jiko alianza kukonda kuanzia masikioni, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Kwa hiyo kile kiti alikirithi Murdo, pamoja na shamba, mbwa, na tabia ya kuuliza vijiko vinakaa wapi.

Murdo alikuwa amekikalia kiti hicho sasa hivi, mwanamume wa miaka hamsini na ushee, miguu juu ya chuma cha jiko.

"Karibu, Baba," alisema. "Huko juu kukoje?"

"Kimya. Majirani hawana neno."

"Mama, chai ipo?"

Chai ilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto. Ina akaisogeza kwenye mkono wa kulia.

Majira ya baridi ya kwanza aliyorudi, Wattie alikaa dirishani siku nzima akiwa hana la kufanya. Jioni akachukua kisu akamenya turnipu. Alizimenya vibaya, zikabaki ndogo kama gololi, lakini alizimenya. Kesho yake akafagia. Wiki ile haikuisha kabla hajajua vijiko vinakaa wapi. Kisha akaomba sindano za kufumia.

"Za nini?" Ina aliuliza.

"Nataka kukufumia sweta."

Ina hakushangaa, ila alikaa chini. Katika nyumba ile sweta zote zilitoka mikononi mwake. Alisokota sufu, akafuma za Wattie, za Murdo, za wakataji manyoya, na moja ya mbwa aliyekuwa na kifua. Yeye mwenyewe alivaa fulana ya dukani ya mikono mirefu, iliyochoka viwiko, kwa sababu uzi uliishia kwa wengine kila mara.

"Umejifunzia wapi kufuma?"

"Huko," Wattie alisema. "Si mlinizika na ile sweta ya kijivu? Hakuna taa kule, bibie. Mtu anabaki kupapasa alichovaa. Nikaanza kufuata kitanzi kimoja kimoja kwa kidole, kinaingia wapi, kinatokea wapi. Nimeivaa miaka yote ile sijui hata kama ina vitanzi." Akatazama nje, kwenye uzio uliobaki ncha tu. "Ni kazi, ile."

"Eeh," alisema Ina. "Ni kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu zaidi kuhusu sweta katika ndoa yao.

Tatizo ni kwamba vidole vya maiti ni vizito, na theluji haimsubiri mtu. Majira yale aliishia kiunoni. Wakati wa kiangazi Murdo akakiona kile kipande kabatini, akasema ni hasara uzi mzuri kukaa bure, na Ina akakifumua akamfumia soksi. Majira yaliyofuata Wattie alifika kwapani, na Murdo akapata soksi nyingine pamoja na kofia.

"Sasa si uimalizie mwenyewe?" Peg aliuliza majira ya tatu, Wattie akiwa kwenye kola, siku aliyokuja kuazima sukari ya kupikia marmaledi, jamu ya machungwa. "Kwako ni kazi ya jioni mbili hiyo."

"Nikiimalizia mimi, itakuwa nimefuma mimi," alisema Ina. "Nyingine."

Peg akafikiri, akamgeukia Wattie. "Basi kaza mikono, we mzee. Kufa umeshakufa, usingizi wa nini?"

"Nimekaza, Peg."

"Kola hiyo imepinda."

"Na shingo yake imepinda. Nimeipima."

Ina akampiga na kitambaa cha vyombo. Kilirudi kikiwa kigumu kama ubao, akakisimamisha kando ya jiko kilainike.

Mwaka huu theluji ilikaa. Ilipanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha, barabara ikafungwa, na Murdo akawa anawapelekea kondoo majani makavu huku amezama hadi kiunoni. Ndani, Ina alichemsha supu ya kondoo na shayiri, akaoka skonzi, akakata machungwa ya marmaledi, na Wattie akafuma. Mgongo ukaisha. Kifua kikaisha, na kola yake. Mkono wa kulia ukashuka kutoka begani hadi kwenye kifundo, ukaisha pia. Jioni Ina aliacha moto ushuke, akavaa koti humo ndani, akaketi karibu na mumewe kadiri baridi ilivyomruhusu. Alimwokotea vitanzi vilivyoponyoka, akavirudisha kwenye sindano na kumwachia yeye avifume.

Kisha asubuhi moja bati likaanza kudondosha matone, na milima ikaonekana karibu kuliko kawaida. Upepo ulikuwa umegeuka.

"Leo," alisema Wattie.

"Leo yote, au nusu?"

"Kukiwa na baridi humu, hadi machweo. Mkono mmoja nauweza hadi machweo."

Ina akafungua madirisha yote mawili. Hakutia makaa. Akamwambia Murdo, aliyekuwa anatafuta kofia aliyokwisha kuivaa, "Leo jiko tuliache, mwanangu. Baba yako anamalizia."

"Sawa, Mama," alisema Murdo, na alimaanisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Akatoka na mbwa.

Wattie alifuma bila kuinua kichwa. Sindano zililia kama meno ya mtu aliyeona ndoto mbaya. Mchana Ina aliona mkono wa kushoto umeanza kushuka kutoka begani, akatoka kwenda kukusanya mayai, maana kuku hawana habari na mambo ya watu.

Murdo alirudi wakati huo, suruali imelowa. Akakuta jikoni kama uwanjani, madirisha wazi, chai hakuna. Akamwita mama yake mara mbili. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajihudumia: akafunga madirisha, akainua ndoo ya makaa, akalijaza jiko hadi mdomoni, akafungua tundu la hewa hadi mwisho. Akaketi kwenye kiti, akanyoosha miguu. Hata yeye alijivunia.

Ina aliporudi na mayai kwenye aproni, bamba la jiko lilikuwa limekuwa jekundu. Wattie hakuwa na masikio tena, na dirisha lilikuwa linaonekana kupitia kifua chake. Alikuwa bado anafuma.

"Murdo," alisema Ina.

Murdo akatazama jiko, akamtazama baba yake. "Loh. Nilisahau, Baba."

"Si neno," alisema Wattie. "Umelijaza vizuri. Umeacha nafasi ya hewa?"

"Nimeacha."

"Vizuri, kijana." Akamgeukia mkewe. "Bibie, ule mkono..."

Sindano zikaanguka sakafuni. Kigoda kilibaki na baridi hadi kesho yake.

Ina akaweka mayai bakulini. Akaokota ile kazi, akapitisha kipande cha uzi kwenye vitanzi vilivyobaki ili visifumuke hadi theluji nyingine, akaivaa juu ya gauni lake. Kola ilikaa sawasawa kwenye shingo. Mkono wa kulia ulifika kwenye kifundo. Wa kushoto uliishia chini kidogo ya bega, na kutoka hapo palikuwa na mkono wa Ina mwenyewe.

Murdo akaitazama kwa upendo. "Imekupendeza, Mama. Lakini ina mkono mmoja. Huo uzi si ungetosha soksi?"

"Jifumie."

Murdo akacheka hadi kiti kikalia. "Mimi? Mimi nitajulia wapi kufuma?"

"Hata yeye hakujua," alisema Ina. "Alijifunza alipokufa. Na wewe tutakusubiri."

Murdo akaona hilo ni jibu la haki. Akala mikate yake ya jibini, akasukuma sahani hadi ukingo wa meza ambako mama yake angeifikia bila taabu, akauliza kijiko cha marmaledi kiko wapi.

Ina akampa. Kisha akakunja mkono wa kulia wa sweta kwa uangalifu, upindo juu ya upindo, ili usilowe. Wa kushoto haukuhitaji kukunjwa. Akautumbukiza vivyo hivyo, mtupu, kwenye maji ya vyombo.