Vidonge Visivyosumbua Tumbo

Ukoo wa kina Rahabu pale Ulemo ulikuwa na mkosi, tusifichane. Saratani ya titi ilimchukua bibi yake, ikamchukua mama yake, na mwaka juzi ikamchukua dada yake Flora akiwa na miaka thelathini na nne tu. Rahabu sasa alikuwa na thelathini na tatu.

Basi watafiti wa hospitali kubwa walipokuja kutafuta wanawake wa koo za namna hiyo, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno: dawa ya kisukari, hiyo hiyo ya siku zote, inajaribiwa kama inaweza kuzuia saratani kabla haijaanza. Nusu ya wanawake watapewa dawa yenyewe, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Nani kapewa vidonge vipi, hata manesi hawajui.

"Mwanzoni dawa hii husumbua tumbo, usiogope," aliongeza. "Na usimgawie mtu."

Usimgawie mtu! Maneno ya mtu ambaye hajaolewa nyumba ya Severina. Nyumba ile hakuna kilichoingia kinywani kabla mama mkwe hajapata fungu lake, iwe karanga, iwe soda. Tena Severina alikuwa na kisukari mwaka wa nane, na ndiye aliyemuuguza Flora hadi mwisho, akimwogesha kwa mikono yake. Kwa hiyo zahanati ilipoishiwa dawa mwezi wa tano, alizeti zikivunwa, Rahabu alifungua kichupa chake.

"Asubuhi changu, jioni chako, mama."

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi si mgonjwa, nazuia tu."

Moyoni alikwishajiapia kwamba vyake ni vya kweli. Mungu gani amchukulie watu watatu, kisha ampe vidonge vya chokaa?

Severina alifurahi kweli. "Loo, hii ndiyo dawa! Zile za zahanati zilikuwa zinanikimbiza chooni kutwa. Hii, tumbo shwari."

"Hata langu, mama," Rahabu akacheka. Tumbo lake lilitulia tangu siku ya kwanza, naye akalihesabu hilo kuwa baraka. Akaacha hata kujipapasa kifua akioga, jambo alilolifanya kila siku tangu msiba wa Flora. Ya nini tena, na dawa anayo?

Wiki ya tatu Severina alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Wiki ya tano akasema haoni tundu la sindano. Rahabu aliogopa, jamani, aliogopa sana, lakini akisema ataondolewa kwenye utafiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anaficha ya mwenzake. Badala ya kumpeleka zahanati, akampa na kile cha asubuhi.

Siku ya kupiga alizeti Severina akaanguka juu ya turubai. Walimkimbiza zahanati. Tabibu Yeremia akamtoboa kidole, na kimashine kikashindwa kutoa namba kwa jinsi sukari ilivyopanda.

"Shikamoo mama. Uliacha dawa?"

"Marahaba. Sijaacha hata siku moja," Severina alijibu kwa sauti ndogo. "Mkwe wangu ananipa viwili kila siku, vya hospitali kubwa."

Yeremia akamgeukia Rahabu. Rahabu akatoa kichupa kwenye pindo la kanga, akasema yote. Tabibu hakumkemea. Alikigeuza kichupa kiganjani, kisha akamuuliza mgonjwa, "Na tumbo, mama, havikukusumbua?"

"Hata kidogo, mwanangu. Na yeye pia havimsumbui."

Yeremia hakumtazama Rahabu usoni. Alitundika dripu harakaharaka, akatoka nje kuita gari la wagonjwa kwa simu.

Rahabu alibaki ameegemea ukuta. Mkono wake ukaenda wenyewe chini ya kwapa la kushoto, mahali ambapo hakuwa amepagusa tangu alipopewa kichupa. Kidole kikasimama juu ya kitu kidogo, kigumu, kinacholingana na punje ya alizeti.

"Mwanangu," Severina akamwita kutoka kitandani, "leo bado hujanipa dawa yangu."