Koti la Harusi Angani

Wajukuu zangu wananicheka kwamba nilimwoa bibi yao nikiwa na kanzu tupu, bila koti. Chekeni tu! Hakuna bwana harusi aliyekuwa na raha kunishinda mimi.

Mwaka ule mvua zilikata barabara ya kusini, na mchumba wangu Mwanaheri alikuwa ananingoja Lindi. Nikauza baiskeli, nikakata tikiti ya ndege. Xaveri, mwenzangu wa kazini bandarini Dar es Salaam, naye akakata yake, eti hawezi kukosa pilau. Yeye Mngoni, mimi Mmwera, watani. Na mtani akichukua kitu chako ndiyo kimekwenda, harudishi, wala hutakiwi kukasirika. Basi kabla hatujapanda, fedhuli yule akalivaa koti langu la harusi, jipya kabisa!

"Mmwera na koti wapi na wapi?" akasema. "Wewe mtumwa wangu, utaoa na gunia."

Nilikasirika, nisiwadanganye. Njia nzima nilinuna.

Tulipokuwa juu ya Kilwa, injini ya kushoto ikapiga kishindo. Nikachungulia dirishani. Lahaula! Moto, tena unawaka kwelikweli. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kutoa shahada kwa sauti. Rubani akageuza ndege kuelekea uwanja wa Masoko, tukawa tunashuka tumelalia upande.

Nikamgeukia Xaveri anitanie kidogo, nipate nguvu. Akalivua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Chukua koti lako, Kibwana."

Kibwana! Hajapata kuniita jina langu hata siku moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani akirudisha kitu, ujue kwake tumeshakufa. Nikaiona mikono ya Mwanaheri ina hina, inaningoja bure.

"Livae!" nikamwambia. "Nakuomba, Xaveri, livae!"

Akatikisa kichwa.

Magurudumu yakagonga nyasi, tukarushwa, yakagonga tena, ndege ikasimama. Tukatoka mbio. Wakata nyasi wa uwanjani wakaja na ndoo za mchanga, wakauzima moto. Wote wazima, alhamdulillahi.

Nilikaa chini, koti nimelikumbatia. Mtu akaja kusimama mbele yangu.

"We mtumwa," akasema, "lete koti langu."

Nililia, jamani. Nikainuka, nikamvalisha mwenyewe, nikamfungia kifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho.