Ushahidi wa Kurudi

Duka la mtandao lilikuwa kati ya duka la dawa na kinyozi, na pazia la kupigia picha za pasipoti lilikuwa shuka jeupe lenye alama ya pasi. Kamba alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya dirishani tangu asubuhi. Jina hilo alipewa kazini: huosha vioo vya maghorofa akining'inia kwa kamba, na walio ndani humpungia mkono wakidhani hajawaona wakisinzia. Kuta zote za mji alikuwa amezimaliza. Alitaka angalau mara moja apande kitu kisicho na mtu ndani: maporomoko ya maji yaliyoganda, nchi ya baridi, yeye na mwenzake Mrefu.

Mrefu alikuwa mtu wa hukohuko. Alipokuja huku kupanda miamba, pasipoti yake iligongwa muhuri uwanja wa ndege hata kofia hajavua.

Ndege ilikuwa ya jioni hiyohiyo, na ombi la visa ya mtandaoni lilikuwa limekwama kwenye swali moja: thibitisha kwamba utarudi.

Kamba alituma barua ya mwajiri. Ushahidi hautoshi. Mkataba wa chumba. Hautoshi. Picha ya shangazi yake akiwa amenuna. Hautoshi.

"Dada, huna mume?" fundi wa duka akauliza. "Mume huwa anasaidia."

"Ningekuwa naye, ndiyo kabisa nisingerudi."

Fundi akacheka. Muda uliobaki kwenye ukurasa ukazidi kupungua.

Ndipo kisigino cha kushoto kikamwasha. Mzizi ulikuwa umechomoza, ukatoboa kandambili na kupenya kati ya vigae viwili. Fundi akainama, akasogeza waya wa umeme usije ukabanwa.

"Wako mnene," akasema. "Jana alikuja mzee mmoja, mizizi yake ilikuwa kama nywele. Wakamnyima. Tulia nikupige picha."

Picha ilipokwenda, mstari wa kwenye skrini ukawa kijani hadi nusu. Mzizi wa pili ukatoka kisigino cha kulia. Simu ikaita.

"Mwanangu," shangazi akasema, "umetokeza jikoni kwangu. Umenipasulia sakafu."

"Nisamehe, Shangazi. Ipige picha unitumie."

"Na sufuria au bila sufuria?"

"Na sufuria."

Picha ya jikoni ndiyo iliyomaliza kazi. Mstari ukajaa: visa ya utalii imekubaliwa, mwezi mmoja. Fundi akaichapa.

Mrefu akafika na teksi iliyojaa mabegi. "Twende, uwanjani wanakaribia kufunga."

Kamba akainuka. Magoti yalinyooka, nyayo zikagoma. Mrefu akavua kiatu, akatazama kisigino chake mwenyewe. Kilikuwa laini kama sabuni.

"Mimi hapa sikuulizwa kitu," akasema, sauti ikishuka. Akatoa kisu cha kukatia kamba, akakata kizizi kimoja. Kwenye skrini kijani kikapauka: ushahidi unapungua, visa inaangaliwa upya.

"Acha," Kamba akasema.

"Akikata ananyimwa, asipokata anabaki," fundi akaeleza. "Wengi hufika hapohapo."

Dereva akapiga honi. Mrefu akaushika mzizi mkubwa, akauvuta kidogo kama mtu anayejaribu fundo, akauachia. Kamba akamkagua mkanda wa kupandia aliokuwa ameuvaa tayari kiunoni, akakaza pale ambapo Mrefu hulegeza siku zote.

"Usipande bila mtu wa kukushikia kamba," akamwambia.

"Nani sasa?"

Teksi ikaondoka na Mrefu na mabegi ya wote wawili.

Wateja wakazoea kuruka mizizi. Shangazi alileta chakula na ndoo ya maji, akamwagilia bila kuulizwa, akilalamika kwamba siku hizi anapika amesimama upandeupande. Kamba aliosha kioo cha dirisha mpaka pale mkono ulipofika.

Visa ilipoisha muda wake, ujumbe ukaingia: Mpendwa msafiri, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba hukubaki nchini mwetu. Tunakushukuru kwa kurudi kwa wakati.

Fundi akausoma mara mbili. "Hii nzuri, dada. Sasa una rekodi safi. Ukiomba tena hawakusumbui."

Mzizi mwingine ulikuwa unatafuta njia chini ya kaunta. Kamba akausubiri upite, kisha akavuta kibodi karibu.

"Fungua fomu," akasema.