Nakala ya Pili

Mi ni mwalimu wa istoria hapa Kolwezi, na nasema wazi: akili ya bitabu njo iliniponza.

Kila mwaka nafundisha namna bajumbe ba kwanza ba Amerika balikuwa banatuma barua toka Paris. Baingereza balikuwa banakamata meli baharini, basi barua ya serikali, ao ya bibi ku nyumba, baliiandika mara mbili, mara tatu, kila nakala ku meli yake. Ya siri baliiandika kwa namba: ukurasa, mustari, neno, mu kitabu chenye bote babili balikuwa nacho. Batoto banapenda sana ile somo. Mi pia.

Sasa bwana yangu, Ruffin, alisema mbele ya familia za wafu kile aliona ku mugodi wa Mashamba: patron yao wa kazi, Kalala, aliona shimo limepasuka, na bado akatuma batu batano chini, bote bakakufa. Kalala akaanza kumutafuta. Ruffin akakimbilia Dilolo, ku mupaka wa Angola, kwa Mama Asia, muuzaji wa chumvi, akatupa karte ya simu, basi siwezi kumupigia. Alisema atarudi Jumamosi.

Kumbe batu ba Kalala bakaanza kulinda nyumba yetu. Nikafanya sawa bale bajumbe. Nikaandika mara mbili: usirudi, toka kwa Mama Asia, vuka Angola. Namba tupu, za kitabu yangu ya istoria, kwani Ruffin alibeba ingine ya namna moja. Asani, shofere wa kamio ya mizigo, akatangulia na moja. Siku ya kufuata nikatuma ingine na shofere mwingine. Na mi, mwalimu kabisa, nikaandika ku barua zenyewe: nakala ya kwanza, nakala ya pili. Ujinga gani huu!

Jana asubui Kalala akaingia mu salo yetu, akaikala bila kukaribishwa, akaweka nakala ya pili ku meza. Batu bake balimunyanganya shofere ku barieri ya barabara. Akaniuliza pole pole, mama mwalimu, kama hii ni ya pili, ya kwanza iko wapi. Nikasema niliipasua. Akacheka kidogo. Dilolo aliijua sasa, na soko kwenye shofere anaacha barua, lakini nyumba hakuijua. Akaniamuru niandike ingine kwa namba zetu, nimuite Ruffin arudi nyumbani. Batu babili balisimama ku mulango.

Nikakamata kalamu. Nilitaka kurudilia onyo lile lile, lakini namba zikifanana ataona. Basi nikatafuta maneno yale mu kitabu, ku kurasa zingine. Angola iko ku ukurasa wa kumi na mbili, iko tena ku wa mia na ine. Asia, ile bara, pia iko kwingi.

Kalala akalinganisha karatasi zote mbili na kidole. Hakuna mustari uliofanana. Akakunja barua, na moyo yangu ikatulia: huyu mutu atabeba onyo langu yeye mwenyewe.

Kisha akanyoosha mukono, akachukua kitabu.

“Ulikifungua kwa kila neno, mama,” akasema. “Na mi nitajifunza kusoma.”

Akaenda nacho. Simu ya Asani haipatikani. Kama kamio yake haikuharibika mu njia, Ruffin ako Angola. Kama iliharibika, basi Ruffin angali Dilolo, na Kalala ako na jina la Mama Asia mara mbili, na mara ya pili nilimuandikia mi mwenyewe, mbele ya macho yake.