Kurasa za Zamu ya Asubuhi

Mchapaji alikuwa amefika swali la kumi na mbili, na penseli yake ilikuwa imesimama. Eneo la duara alilikokotoa bila kusita. Mzingo wa duara hilohilo hakuujua hata kidogo.

Ukutani mwa ofisi palikuwa pamebandikwa tangazo: shirika linatafuta watu wa kujitolea kuwasaidia vijana masomo baada ya saa za shule. Kusoma nao, kupanga maktaba, kufundisha hesabu. Yeye aliomba hesabu. Vyeti havikudaiwa, sharti lilikuwa moja tu, kwamba anayetaka kufundisha afanye kwanza mtihani uleule wa wanafunzi.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimefungwa miezi mitatu nyuma. Tangu hapo aliamka alfajiri, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka adhuhuri. Hakulia wala hakukasirika. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: upo, lakini si wako. Mkewe ndiye aliyemletea habari za shirika.

"Nenda, baba watoto," alimwambia. "Hicho kiti kitaota mizizi."

Akikataliwa hapa, basi ni kurudi kitini. Mlango mwingine wa kubisha hakuwa nao.

Mratibu, binti wa umri wa kitindamimba wake, aliinamia karatasi.

"Mzee wangu, hapa umenichanganya. Magumu umepata, mepesi umeruka."

"Niliyoyaruka sijawahi kuyaona."

"Hesabu ulisomea wapi?"

"Kazini. Kitabu chenu cha hesabu nimekichapa miaka ishirini na miwili. Karatasi moja kubwa ina kurasa nane mbele, nane nyuma. Sisi wa asubuhi tulichapa mbele: ukurasa wa kwanza, wa nne, wa tano, wa nane, na kuendelea. Mashine inakwenda, mimi nasoma. Nyuma walichapa wa alasiri."

"Na kitabu kizima hukuwahi kukifungua?"

"Kilijalidiwa kwingine."

Mratibu alimtazama. "Kwa hiyo unajua nusu ya hesabu."

"Nusu kamili."

"Basi tumtafute mwenzako wa alasiri. Tukiwaunga, tunapata mwalimu mmoja."

"Yule hajui kitu, mwanangu. Alikuwa akisikiliza mpira redioni."

Mratibu alicheka mpaka akavua miwani. Mchapaji alingoja kicheko kimfikie na yeye. Hakikumfikia; alikisikia kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani.

"Kufundisha siwezi kukuruhusu," mratibu alisema, sauti imeshuka. "Bado."

Alijipapasa moyoni aone wapi panauma. Hapakuuma popote. Aliona tu mkono wake ukirudi kwenye penseli.

"Na haya niliyoyaruka?"

Mratibu aliinuka, akatoa kitabu hicho kabatini, kimejalidiwa, pembe zake zimechakaa. "Kaa usome kurasa za wenzako wa alasiri. Mpaka tufunge ofisi."

Alianza ukurasa wa pili. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akifanya kila zoezi kwenye karatasi chakavu. Akapita wa tatu. Saa kumi na moja ilipogonga alikuwa katikati ya ukurasa wa sita.

"Mzingo uko ukurasa wa saba," mratibu alisema, akifunga madirisha.

"Usiniambie."

Mratibu aliuweka mtihani wake kwenye droo, swali la kumi na mbili likiwa jeupe.

"Njoo kesho umalizie."

"Saa mbili asubuhi nitakuwa hapa."

"Tunafungua saa tatu, mzee."

"Nitasubiri nje."